Jina Katika Orodha

Ninayo karatasi moja ya mwaka 1997 ambayo nimehama nayo nyumba tatu. Ni nakala ya kaboni, na maandishi yake yamefifia lakini bado yanasomeka: orodha ya wachezaji kumi wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya chuo nilichokuwa nikifundisha, namba zao za usajili na namba za jezi. Chini kuna muhuri wa chuo, na juu ya muhuri kuna sahihi ya mlezi wa timu. Sahihi hiyo ni yangu. Majina tisa katika orodha hiyo ni ya wale walioingia uwanjani. La kumi nalo ni jina la mwanafunzi halisi, ila aliyevaa jezi yake alikuwa mtu mwingine.

Nataka kueleza jambo hili lilivyotokea kwa sababu swali lililotokana nalo sijapata kulimaliza mpaka leo. Swali lenyewe ni hili: je, mtu anaweza kumtendea mwenzake haki kwa njia ya uongo? Najua wapo watakaoniambia kwamba michezo ni michezo, na kwamba kuna madhambi makubwa zaidi ya kutafakari katika nchi yetu. Ningekubaliana nao kama uongo ule ungeishia uwanjani.

Chuo chetu kilikuwa mashariki ya mji wa Arusha, katika ule ukanda wa migomba na kahawa unaofuata barabara ya Moshi chini ya Mlima Meru. Vyuo viko kadhaa upande ule, na sitakitaja. Uwanja wetu ulikuwa wa saruji, wenye ufa katikati ambao wasichana waliujua kama mtu anavyojua kizingiti cha nyumba yake. Mgeni akidundisha mpira pale, mpira ulimtoroka. Miezi ya Juni na Julai ukungu ulishuka kutoka mlimani asubuhi mpaka ukisimama chini ya pete moja huioni ya pili. Mimi nilifanywa mlezi si kwa kuwa niliujua mchezo. Nilikuwa mwanamke, sijaolewa, na nyumba yangu ilikuwa karibu na uwanja. Hizo ndizo sifa zilizotajwa kikaoni. Sheria za mchezo nilifundishwa na kijana mmoja wa timu ya wanaume, ambaye pia ndiye aliyekuwa kocha wetu, kwa malipo ya chai na maandazi.

Karibu wasichana wetu wote walikuwa wamekulia katika mpira wa pete, ambao wengi wetu tunauita netiboli. Huo ndio mchezo waliopewa shuleni. Kikapu kilikuwa cha wavulana. Walikuja kwetu na miguu ya netiboli. Msichana akidaka mpira alisimama wima, akaangaza macho kutafuta wa kumpa, kana kwamba mbele yake pana mstari asioruhusiwa kuuvuka. Baadaye nilisoma nikagundua kwamba mstari huo ulikuwapo kweli tangu zamani. James Naismith alipobuni mpira wa kikapu huko Springfield, Marekani, mwaka 1891, haikuchukua muda mwalimu mmoja mwanamke, Senda Berenson, akaupeleka kwa wasichana wa Chuo cha Smith, mji wa jirani. Ili wasichana wasichoke wala wasigombanie mpira kwa nguvu, aliugawa uwanja sehemu tatu na kumkataza kila mmoja kutoka katika sehemu yake. Shindano lao la kwanza, Machi 1893, wanaume hawakuruhusiwa kulitazama. Mchezo ulipovuka bahari kwenda Uingereza ukageuka kuwa netiboli, na netiboli ikatufikia huku na mistari yake. Mabinti zetu wa Singida na Rombo walikuwa wakisimama kwa amri ya mwalimu ambaye hawakuwahi kumsikia, aliyeishi miaka mia moja kabla yao.

Timu yetu ilikuwa dhaifu kwa idadi kabla ya kuwa dhaifu kwa kitu kingine chochote. Wanawake chuoni walikuwa wachache, na waliokubali kuvaa bukta mbele ya watu walikuwa wachache zaidi. Mchezaji akifanya makosa matano anatolewa. Mwaka uliotangulia tuliwahi kumaliza mchezo tukiwa na wasichana wanne uwanjani, nami nikiomba dua kwamba refa asipulize tena.

Yule binti alianza kuja siku za Jumatano jioni. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko la Tengeru, naye alikuwa muuza ndizi pale. Soko likivunjika alipita njia ya uwanjani na beseni lake tupu kichwani, akasimama nje ya mstari akitazama, mtoto wake wa miaka minne akimshika khanga. Siku moja tulikuwa tisa kwenye mazoezi na kapteni wetu akamwita akamilishe upande wa pili. Alivua ndala, akaingia pekupeku.

Nitaeleza alichofanya kwa sababu sijaona tena kitu kama kile. Alikuwa mfungaji wa netiboli. Pete ya netiboli iko juu sawasawa na ya kikapu, mita 3.05, lakini ni ndogo kuliko yetu na haina ubao nyuma yake. Mfungaji wa netiboli hana ukuta wa kumsaidia, akikosea amekosea. Kwa hiyo mkono wake ulikuwa umezoea ugumu ambao wetu hawakuujua. Mpira wetu mkubwa na mzito zaidi ulimsumbua siku ile ya kwanza, ya pili ukamtii. Uliingia katikati bila kugusa chuma, bila kugusa ubao, na kwa muda wote niliomwona akicheza hakuutumia ubao hata mara moja. Wenzake walimshauri, naye alicheka tu. Nadhani alikuwa hauoni.

Aliniambia habari zake kidogo kidogo, maana hakuwa mtu wa kulalamika. Katika miaka ile ni watoto wachache mno waliomaliza darasa la saba na kupata nafasi ya sekondari, na yeye alikuwa mmoja wao. Aliichezea shule yake netiboli mpaka ngazi ya mkoa. Alipofika kidato cha tatu alipata mimba, akafukuzwa, kama walivyofukuzwa wote. Wakati ule hapakuwa hata na mjadala. Kijana mhusika aliendelea na masomo. Binti alirudi kwa mama yake, akajifungua, akaanza kuuza ndizi.

Miezi minne alifanya mazoezi nasi. Kisha ikaja fomu ya mashindano ya vyuo, nasi tulihitaji wachezaji kumi. Mmoja wa wale kumi tuliokuwa nao alikuwa amerudi kwao kwa kukosa ada, wala haikujulikana angerudi lini. Jina lake na namba yake ya usajili vilikuwa bado katika daftari la chuo. Kapteni alikuja nyumbani kwangu usiku pamoja na wawili wengine. Waliamkia, wakakaa, wakanywa chai bila kusema neno, nikajua kuna jambo.

"Mwalimu," akasema kapteni, "yule aliyeko nyumbani alifanya mazoezi wiki mbili. Huyu wa Tengeru amefanya miezi minne. Kati yao nani ni wa timu?"

Nilisaini. Ningependa msomaji adhani kwamba nilisaini kwa kuguswa na hoja hiyo, lakini siyo. Nilisaini kwa sababu nilitaka tushinde. Nilikuwa nimechoka kuonewa huruma na walezi wa timu nyingine. Haki niliitafuta baadaye, kama mtu anavyotafuta risiti baada ya kununua.

Katika michezo yetu mchezaji wa namna hii anaitwa mamluki. Mashindano ya shule na vyuo hayajawahi kukosa kesi zao. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, ambako asili yake ni mtu aliyemilikiwa, askari mtumwa. Kwetu limekuwa askari wa kukodiwa. Nilijifariji kwa kusema kwamba wetu hakukodiwa. Kwa kuwa michezo ilikuwa Jumamosi naye alipoteza siku ya soko, wasichana walichanga fedha wakanunua kwake mkungu mmoja wa ndizi kila wiki, ndizi ambazo hatukuzihitaji. Tulikula mtori msimu mzima.

Tulishinda. Tulishinda mchezo wa kwanza na wa pili, jambo ambalo chuo hakikuwahi kuliona, na watu wakaanza kupanda vifodi kuja kututazama. Walimshangilia yule binti kwa jina la mwenzake, maana ndilo lililokuwa katika orodha. Mwanzoni hakugeuka alipoitwa. Kapteni alikuwa akimgusa bega. Kufikia mchezo wa tatu aligeuka mwenyewe, nami nikafurahi, nikaona kwamba sasa mambo yamekaa sawa. Leo nikikumbuka kule kugeuka kwake ndipo moyo unaponiuma.

Nusu fainali tulicheza na chuo kimoja cha mjini, tukashinda 41 kwa 38. Pointi 19 zilikuwa zake. Mlezi wa timu ile alikuwa rafiki yangu, tulisoma pamoja. Baada ya mchezo alinijia pembeni akaniuliza, bila ukali, "Ndugu yangu, yule binti mrefu ni mwanafunzi wenu?"

Nikamjibu, "Ni wetu."

Aliniangalia kidogo, akasema haya, akanipa mkono. Nyuma yake kapteni wao alikuwa amekaa chini kwenye saruji, amejifunika uso kwa jezi. Alikuwa mwaka wa mwisho. Ule ulikuwa mchezo wake wa mwisho akiwa mwanachuo.

Nimelichambua jibu lile la maneno mawili kwa miaka mingi kuliko nilivyochambua kitabu chochote. "Ni wetu." Kwa upande mmoja lilikuwa kweli tupu. Alikuwa wetu kuliko yule aliyekuwa nyumbani, alijua ufa wa uwanja wetu, alikula mtori wetu. Kwa upande mwingine nililichagua kwa sababu lilifanana na jibu la swali nililoulizwa. Kusema uongo kwa maneno ya kweli ni ufundi ambao watu wenye elimu tunaufahamu sana. Nilipokuwa mtoto shuleni tulikaririshwa ahadi za mwana-TANU, na mojawapo ilikuwa kusema kweli siku zote. Niliikariri vizuri. Hapakuwa na ahadi iliyokataza kusema kweli kwa nia ya kudanganya, au labda ilikuwamo humo humo na mimi sikuiona.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kwamba si halali kudanganya hata kama muuaji amebisha hodi kwako akimwulizia rafiki yako uliyemficha ndani. Niliposoma hayo niliona ni maneno ya mtu ambaye hakuwahi kubishiwa hodi. Mimi ningemdanganya muuaji huyo, na ningelala usingizi. Lakini rafiki yangu wa nusu fainali hakuwa muuaji. Alikuwa mwanamke mwenzangu mwenye timu ya wasichana kumi, naye aliuliza jambo ambalo alikuwa na haki ya kulijua. Yule binti aliyekaa kwenye saruji hakuwa amemfukuza mtu yeyote shule. Nilichukua deni ambalo nchi ilikuwa ikidaiwa na binti mmoja, nikamlipisha binti mwingine.

Hapo ndipo hoja yangu kubwa ilipokuwa ikiniangusha kila nilipoijenga. Hoja ilikuwa hii: sheria iliyomtoa shuleni ilikuwa ya uonevu, kwa hiyo kuivunja si dhambi. Lakini mimi sikuivunja sheria ile. Sheria niliyoivunja ni ya mashindano, iliyosema kwamba timu ya chuo iwe ya wanachuo, nayo ni sheria isiyo na ubaya wowote. Ile nyingine, ya kufukuza wasichana, niliiacha kama nilivyoikuta. Nilihudhuria vikao vya walimu, semina, warsha, na mara mbili nilikuwa katika chumba kimoja na wakubwa wa elimu wa ngazi ambayo mtu hufika mara chache. Sikunyanyua mkono. Nilikwisha kufanya wema wangu kwa siri, na wema wa siri una tabia ya kumshibisha mtendaji.

Katika nchi ile ya Meru hapakukosekana mfano wa njia nyingine. Mwishoni mwa mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao igawiwe walowezi. Ilifanywa kwa amri halali, yenye mihuri. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akasema kilichowapata watu wake. Alikwenda kwa jina lake na kwa jina la watu wake. Pale pale hakurudishiwa ardhi. Lakini baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba jambo lile halikusemwa.

Simtaji Kirilo kwa kutafuta mfano wa mbali. Mama wa yule binti alizaliwa Engare Nanyuki, na mwaka ule wa 1951 alitolewa huko akiwa mgongoni kwa mama yake. Nililijua hilo siku chache kabla ya fainali, nami nililijua kwa njia ambayo sasa nitaieleza, maana ndiyo sababu ya kuandika ukurasa huu.

Fainali ilipangwa Oktoba. Mvua za El Niño zilikuwa zimeanza, uwanja wa mjini ukajaa maji, mchezo ukaahirishwa wiki mbili. Katika wiki hizo mbili maneno yalianza kuzunguka kwamba timu yetu ina mamluki. Kisha binti akaja nyumbani kwangu, mvua ikimtiririka, akaniambia kwamba mama yake amesikia habari za ushindi na anataka kuja kumtazama. Hakuwahi kumwona akicheza tangu alipofukuzwa shule.

"Vizuri sana," nikasema.

"Mwalimu," akasema, "mama yangu ana sauti."

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba alipokuwa shuleni mama yake alikuwa akija kwenye netiboli na kumwita kwa jina tangu mwanzo mpaka mwisho, mpaka wenzake wakawa wanamtania. "Atakuja ataniita. Watu watasikia."

Ningeweza kusema: basi, acha tujiondoe. Ningeweza kusema: basi, acha tucheze bila wewe. Badala yake kesho yake nilipanda mguu mpaka kwao, juu ya barabara, kwenye migomba, matope yakinifika vifundoni. Nilimkuta mama anachambua maharage. Nikamwamkia. Alinipokea kama mwalimu anavyopokewa, akanipa kigoda, akaniletea loshoro. Alinishukuru kwa kumrudisha mwanawe chuoni. Alidhani hivyo. Nilikula chakula chake, kisha nikamwomba kwamba siku ya mchezo asimwite mwanawe kwa jina.

Alinyamaza. Aliuliza kwa nini, nami nikamweleza, sehemu. Akasema, "Mwalimu, hili jina nililimpa la mama yangu." Ndipo aliponisimulia habari za Engare Nanyuki, jinsi huyo mama yake alivyotembea amembeba, kwa maneno machache, mikono ikiendelea kuchambua. Mwisho akasema, "Sawa. Nitanyamaza. Nyinyi ndio mnaojua mambo ya shule."

Fainali tulishinda 33 kwa 27. Haukuwa mchezo mzuri. Saruji ilikuwa imelowa na kila mtu aliogopa kuteleza. Nakumbuka zaidi upande wa watazamaji. Mama alisimama mstari wa mbele na mjukuu wake. Kila binti alipofunga aliinua mkono, mdomo ukafunguka, kisha akauma pembe ya khanga. Mtoto hakuwa na matatizo yetu. Yeye alipiga kelele "Mama! Mama!" mchezo mzima, na watu walicheka, na hakuna aliyeweza kusema kwamba hilo si jina lake.

Baada ya mchezo waliitwa mmoja mmoja kupokea vyeti. Jina la mwenzake likaitwa. Akaenda, akapeana mkono na mgeni rasmi, akarudi, akanikabidhi cheti mimi. "Hiki si changu," akasema, bila hasira, kama mtu anayerudisha kalamu aliyoazimwa. Januari mwenye jina alipata ada, akarudi chuoni, nikampa.

Tulipokuwa tunatoka tulipita nje ya uwanja wa Sheikh Amri Abeid, nikamwambia kijana wetu wa kufundisha kwamba huyu ambaye uwanja umepewa jina lake alikuwa mshairi na pia alikuwa Waziri wa Sheria. Nilikuwa nataka tu kusema kitu. Kijana alinijibu kwamba hakujua, na kwamba tungekosa gari.

Sheria yenyewe ilikuja kubadilika, bila msaada wangu. Mwaka 2016 ada za sekondari za serikali ziliondolewa mpaka kidato cha nne, lakini waliopata mimba walibaki nje. Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba wakati wa utawala wake hawatarudi. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba wasichana waliojifungua wanaweza kurudi shuleni. Watu walikuwa wamelidai jambo hilo kwa miaka, kwa majina yao, wengine kwa kutukanwa. Siku ya tangazo nilimpigia simu yule binti, ambaye sasa ni mama mtu mzima mwenye wajukuu. Nilitarajia afurahi au alie. Alisema, "Limekuja, mwalimu. Wataonaje wenye watoto wachanga, nani atawalelea?" Akaanza kunieleza habari za jirani yake mmoja mwenye binti wa namna hiyo, na kwamba wanatafuta mtu wa kukaa na mtoto.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu. Miaka mingi baadaye nilikutana na yule kapteni wa nusu fainali katika benki moja mjini, akiwa upande wa pili wa dirisha. Alinitambua kabla sijamtambua. Alitaja matokeo, 41 kwa 38, akasema kwamba mpaka leo anaamini wangeshinda kama asingekosa mitupo miwili ya adhabu mwishoni. Alikuwa amejilaumu muda wote huo. Nilikuwa na nafasi ya kusema, foleni nyuma yangu ilikuwa ya watu watatu tu. Nikasema, "Mlicheza vizuri sana," nikachukua fedha zangu nikaondoka. Ukurasa huu, kama utamfikia, ndilo jibu nililopaswa kumpa: mitupo ile miwili haikuwa sababu.

Lakini nisijifanye kwamba nimelimaliza swali. Maana nilipata kumwuliza mwenyewe. Nilikwenda Tengeru siku ya Jumamosi, mwaka jana, nikamkuta kwenye meza yake, siku hizi ana meza ya kudumu na kijana wa kumbebea mizigo. Nilimwomba radhi kwa ajili ya jina, kwa ajili ya mama yake, ambaye sasa ni marehemu. Alinisikiliza huku akihesabu chane.

"Mama alikasirika," akasema. "Alikasirika mpaka mwaka uliofuata. Lakini mwalimu, usiniambie ilikuwa vibaya nikacheza. Nilivaa raba. Nilipanda basi na wenzangu nikiimba. Mimi ningefanya tena."

Nikamwuliza, hata kwa jina la mtu mwingine?

Akafikiri. "Hapo ndipo palipokuwa pabaya," akasema. Kisha akauliza, "Yule mwenzangu yuko wapi sasa?"

Nikamwambia yuko Dodoma, ni mhasibu wa serikali, na kwamba nilipomtembelea nilikiona kile cheti sebuleni kwake, katika fremu, na watoto wake wanajua kwamba mama yao alikuwa bingwa wa kikapu.

Alicheka mpaka akaweka chane chini. Alicheka mpaka muuza nyanya wa meza ya pili akageuka kuuliza kuna nini.

"Mwache," akasema, akijifuta macho kwa pembe ya khanga. "Mwache tu mwalimu, asiambiwe." Kisha akamgeukia mteja aliyekuwa akisubiri, akamtajia bei.